Kayamba ya Kushika Tu

Mungu alinipa masikio mazuri na sauti mbaya, na huo ni mzaha ambao nimemsamehe polepole. Wimbo nausikia vizuri kabisa kichwani, kila noti mahali pake. Nikifungua kinywa, kinachotoka ni kitu kingine. Kwetu wote wanaimba. Mama yangu aliimba sauti ya kwanza mpaka meno yalipoanza kumtoka, dada zangu wote walikuwa wanakwaya, na mimi nilipoolewa nikahamia Lizaboni nilijiunga na kwaya ya parokia bila kumwuliza mtu, kama mtu anavyoingia jikoni kwake.

Nilidumu Jumapili tatu. Jumapili ya nne mwalimu wa kwaya alinivuta pembeni. Huyu siku za kazi alifundisha shule ya msingi, na sisi watu wazima alitupanga mistari kama darasa la pili.

"Mama, wewe una moyo sana," akasema.

Mtu akianza kukusifia moyo, jua kuna jambo linakuja.

"Lakini wenzako wa sauti ya kwanza wakikusikia wewe wanapotea njia. Chukua hii." Akanikabidhi kayamba.

Kayamba yetu ilikuwa kijisanduku bapa cha matete yaliyoshonwa kwa kamba, na ndani yake mbegu. Unaishika kwa mikono miwili, unaitikisa huku na huku, vidole gumba vinagonga. Mbegu zake zilikuwa zile nyeusi za turutumbi, maua mekundu yanayopandwa kuzunguka nyumba za misheni, mbegu ngumu ambazo hata kuku hawazitaki. Tena kila mwanakwaya anajua, ingawa hakuna anayesema, kwamba kayamba ndiyo kimbilio la wasioweza kuimba. Niliipokea nimenuna. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo nilirudi nyumbani nikagombana na mume wangu kuhusu chumvi.

Sasa niseme jambo ambalo sikuwahi kumwambia padre. Mimi sala za maneno zinanishinda. Nikishika rozari, fumbo la pili halifiki nimesinzia. Nikipiga magoti nikasema nizungumze na Mungu kwa maneno yangu mwenyewe, sentensi mbili tu nimeshaanza kuwaza kama nimefunika maharage. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba mimi ni Mkristo wa daraja la chini, wa kujaza benchi.

Basi kayamba ile niliyoipokea kwa kununa ikanifundisha kusali. Sikupanga. Jumapili moja wakati wa wimbo wa matoleo nilijikuta nikiitikisa na huku namweleza Mungu habari zangu zote bila neno hata moja. Mtikiso huu ni mtoto anayekohoa, huu ni shamba la Matogoro lililochelewa kupaliliwa, huu ni asante kwa mvua, huu ni mama mkwe, huu pia ni mama mkwe. Wimbo ulipokwisha nilikuwa nimelowa jasho na nimetulia moyoni kama mtu aliyetoka kuungama. Tangu siku hiyo sikukosa Misa hata moja, na mume wangu alisema nimeokoka kwa mlango wa nyuma.

Miaka minne nilipiga. Katika miaka hiyo ndipo biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mjini yakajaa redio za kaseti, mitumba ikamwagwa chini sokoni watu wakawa wanachagua kama wanaochambua mboga, na ofisi zikaanza kupunguza watu. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja iliyonunua mazao ya wakulima. Ijumaa moja alirudi na barua, akaiweka mezani chini ya kikombe, akasema, "Nimepunguzwa," kwa sauti ya mtu anayesema kuna mawingu. Jumapili ile nilipiga kayamba mpaka gumba likatoka damu, na hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu kwa ajili yake. Akawa mkulima kamili, tukawa tunaongozana kila asubuhi kwenda shambani Matogoro, na akalima vizuri kuliko alivyoandika.

Mwezi wa saba mwaka uliofuata kinanda kikaja.

Kilitoka kwa mwanaparokia mmoja aliyekwenda Tunduru wakati wa wimbi la madini. Wengi walikwenda wakarudi na malaria. Yeye alirudi na viatu vinavyong'aa, na kwa shukrani akaipa kwaya kinanda cha umeme na spika mbili zenye ukubwa wa tenga la kuku. Mwalimu alikishika kile kinanda kama mtu aliyepewa mjukuu. Kilikuwa na vitufe kila mahali. Ukibonyeza hiki unapata ngoma, hiki gita, hiki tarumbeta. Akabonyeza kingine, kikaanza: cheke-cheke, cheke-cheke.

"Mnasikia?" akasema, macho yamemtoka. "Hata kayamba imo humu ndani!"

Wanakwaya wakapiga makofi. Jirani yangu, mama mmoja mnene mwenye sauti tamu ya kwanza, ambaye alisimama mbele yangu kila Jumapili, aligeuka akaniangalia kwa huruma. Nilimchukia kwa sababu ya ile huruma.

Jumapili ya kwanza ya kinanda, kayamba yangu haikusikika hata na mimi mwenyewe. Nilirudi nyumbani, kabla hata sijala nikakaa chini, nikafumua kamba, nikamwaga mbegu za turutumbi uani. Nilitaka kitu kizito zaidi. Siku zile tulikuwa tumemaliza kuvuna, na kama ilivyo desturi tulikuwa tumetenga mahindi ya malimbuko, yale ya kwanza kabisa, ya kupeleka kanisani. Yalikuwa kwenye ungo, makavu, meupe, makubwa, mume wangu bado hajayachanganya na dawa. Nikachota kikombe kimoja. Nilijiambia kwamba yote ni ya Mungu, yaende kwa ungo au yaende kwa kayamba. Nikajaza, nikashona, nikaitikisa mara moja. Ilinguruma kama mvua ya mawe juu ya bati. Nilicheka peke yangu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani kama anayekwenda vitani. Tatizo ni kwamba kile kinanda hakisubiri mtu. Sisi tuna desturi ya kupunguza mwendo kwenye ubeti wa mwisho ili wazee wenye matoleo wafike altareni. Kinanda hakina wazee. Mimi nikapunguza, chenyewe kikaendelea. Sauti ya kwanza, waliozoea kayamba mgongoni kwao, wakanifuata mimi. Besi, waliosimama karibu na spika, wakafuata kinanda. Wimbo ule ulikwisha mara mbili. Besi walimaliza, wakakaa, wakafunga vitabu, na sisi bado tulikuwa na mistari miwili na amina.

Baada ya Misa mwalimu alinivuta tena pembeni, palepale aliponivuta miaka minne nyuma.

"Mama, kwaya imekaa, imeonelea ipunguze vyombo," akasema.

"Vyombo vingapi, Mwalimu?"

Akaangalia viatu vyake. "Kimoja."

Nilipomwambia mume wangu aliweka jembe chini, akajaribu kutocheka, akashindwa. "Pole, mke wangu," akasema akifuta machozi. "Sasa tumekuwa wawili." Akataka kujua kama na mimi nimepewa barua.

Niliifunga kayamba katika sare yangu ya kwaya, nikaitundika chumbani nyuma ya mlango. Sikuigusa tena. Nikaanza kukaa benchi la kawaida, katikati ya watu, mikono mapajani. Hapo ndipo nilipojua nimepoteza nini. Sala ziligoma. Nilisimama wakisimama, nilipiga magoti wakipiga magoti, na ndani yangu kimya, kama redio iliyoishiwa betri. Cheke-cheke ya kinanda ilinichoma. Kayamba ile haina mtoto anayekohoa, haina mume aliyepunguzwa, haina mama mkwe. Inamwambia nini Mungu? Nilikuwa na wivu na kitufe, na sioni aibu kusema hivyo.

Nyumbani nikawa natikisa chochote. Nikipepeta maharage kwenye ungo najikuta nimeshika mwendo wa matoleo na nimefumba macho. Siku moja mume wangu alisimama mlangoni kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mama watoto, Mungu amesikia. Maharage yote yapo chini." Nilimrushia ungo. Lakini hata ule ungo haukunisaidia. Mambo yalijirundika moyoni, na miezi minne ikapita nikiwa sijamweleza Mungu chochote.

Ikakaribia Sikukuu ya Kristu Mfalme, na habari zikaja kwamba askofu atakuja parokiani kwetu kutoa kipaimara. Mwalimu wa kwaya alikuja nyumbani jioni, akakataa kiti, akakubali kiti, akasifia watoto.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina, Mwalimu. Karibu."

"Mama, Baba Askofu anapenda sana vyombo vya asili. Anasema lazima Mwafrika amwabudu Mungu kwa vitu vyake. Sasa itakuwa si vizuri akikuta kinanda tu." Akajikuna shingo. "Tunaomba uje na kayamba yako."

"Nije kupiga?"

"Uje uishike."

"Niishike?"

"Ushike tu, usipige. Usimame mahali anapoweza kukuona."

Mume wangu alitoka nje haraka. Nilimsikia akikohoa kikohozi cha uongo nyuma ya nyumba. Nami, kwa kawaida yangu, ningemfukuza mwalimu pamoja na kiti chake. Lakini nilitamani mno kuwa tena kwenye ule mstari. Nikasema nitakuja.

Jumapili ile nilivaa sare, nikaikumbatia kayamba kifuani bila kuitikisa hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeapa kwa hasira kwamba kama kupiga ni haramu basi isilie hata kwa bahati mbaya. Niliiona nyepesi. Nilidhani mikono yangu imepata nguvu kwa kulima. Sare ilikuwa na vumbi jeupe, nikalipangusa nikalaumu ukuta.

Misa ilipangwa saa tatu. Umeme siku zile ulikuwa wa mgao, na upande wetu ulikuwa nao mpaka saa sita. Mwalimu alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Ambacho hakukipigia hesabu ni mvua ya kwanza. Askofu alikwama kwenye tope njiani, akafika saa nne na nusu na matope mpaka magotini, anacheka. Watoto wa kipaimara walikuwa wengi, mahubiri yalikuwa marefu, na mimi nilisimama mahali pa kuonekana, nimeshika kayamba kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake.

Tukafika matoleo. Kwetu matoleo hayaletwi kwa kutembea, yanachezwa. Mistari miwili ya akina mama na wazee inatoka mlango mkuu, mahindi na ndizi vichwani, kuku makwapani, hatua mbili mbele, moja nyuma, wote kwa mguu mmoja. Walikuwa wamefika katikati ya kanisa, mguu wa kulia hewani, wakati umeme ulipokatika. Saa sita kamili. Kinanda kilitoa mlio wa ng'ombe anayelala, kikanyamaza. Sauti za kwaya zikatawanyika, moja hapa, moja pale, mpaka zikaisha. Mwalimu akabonyeza vitufe vyote, hata vile vya tarumbeta. Watu wenye matoleo wamesimama, hawajui mguu waushushe lini. Kuku mmoja akaona nafasi, akalia. Askofu anatazama.

Mwalimu akageuka. Akanitafuta kwa macho, akaninyanyulia kidevu. Ishara ile niliingoja miezi minne, usiku na mchana, nikiwa shambani na nikiwa jikoni. Nikainua kayamba juu kabisa, nikaipiga kwa nguvu zangu zote.

Ffffu.

Hakuna sauti. Wingu jeupe lilitoka katikati ya matete likamshukia jirani yangu wa sauti ya kwanza, kichwa na mabega.

Mkulima yeyote wa Ruvuma, hata mtoto, anajua kwamba mahindi yasiyotiwa dawa, wadudu dumuzi wanayamaliza kabla mvua haijanyesha. Mimi nimeyajua hayo tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Hata kama ningeitundika jikoni tu, moshi ungeyaokoa. Lakini yale kwangu hayakuwa mahindi tena. Yalikuwa sala, na nilidhani dumuzi wana adabu. Walikuwa wamekula kila punje na kuacha unga.

Nikapiga tena, nikiomba ibaki hata punje moja. Ffffu. Unga mwingine, na safari hii na dumuzi wenyewe, wazima, wakitembea juu ya kitambaa cha jirani yangu. Akapiga chafya. Wa pembeni yake akapiga chafya.

Hapo mtu mwenye akili angeacha. Nilijua hivyo. Lakini mikono ilikuwa imeshaanza, na ile miezi minne yote ilikuwa imesimama nyuma ya mikono yangu inasukuma. Nikamwambia Mungu moyoni: ndiyo hii niliyo nayo, imeliwa, ni unga mtupu, ipokee hivyo hivyo. Nikaendelea kupiga. Huku na huku, huku na huku, kimya kabisa. Mtoto anayekohoa. Mume wangu na barua yake. Kitufe. Wivu wangu. Nililia, na unga ukagandia mashavuni.

Jirani yangu aligeuka kunitukana, nina hakika. Akaona mikono. Akaifuata kwa macho, akaanza kuimba, katika mwendo ule ule. Sauti ya kwanza wakaingia wakiangalia mikono yangu. Besi, ambao hawakuwa na spika ya kufuata, wakageuza shingo na wao wakaangalia. Mguu wa kulia wa watu wa matoleo ukashuka, wote kwa pamoja. Ubeti wa mwisho nikapunguza mwendo, na kanisa zima likapunguza, na mzee wa mwisho mwenye ndizi akafika altareni na amina. Wimbo ulikwisha mara moja tu.

Baada ya Misa tulipanga mstari kumsalimu askofu. Aliponifikia alinitazama kuanzia nywele mpaka viatu, mweupe pee.

"Shikamoo, Baba Askofu."

"Marahaba, mama. Hii desturi ya kunyunyiza unga wakati wa matoleo ni ya wapi?"

Nilifungua kinywa. Mwalimu akaniwahi. "Ya hapahapa kwetu, Baba Askofu. Ya asili kabisa."

Askofu akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nzuri sana. Ila msizidishe."

Watu walipotawanyika mwalimu alinifuata. Hakunivuta pembeni safari hii, alisema palepale mlangoni, jirani yangu akiwa bado anajikung'uta.

"Mama, kwaya haijawahi kwenda pamoja kama leo. Jumapili ijayo urudi kwenye mstari. Uje na hiyo hiyo." Akasita. "Lakini usiweke kitu ndani. Wakuangalie tu mikono."

Nimekuwa nikiyapima maneno hayo kwa miaka, na mpaka leo sijui kama nilisifiwa au nilitukanwa. Siku ile sikuyapima. Nilijua tu kwamba nimerudishwa, na kwamba kuna kitu bado kinakosekana, na nikakisema.

"Mwalimu, Mungu amenisikia leo bila punje hata moja. Naamini hivyo. Lakini yeye ndiye anayesikia mioyo. Mimi nina haya masikio tu, na tangu mwezi wa saba sijajisikia nikisali."

Akaitazama kayamba, mtu yule aliyeninyang'anya sauti mara mbili. Nadhani ndiyo siku ya kwanza alielewa kwamba nilikuwa nasali kule nyuma.

"Basi weka," akasema. "Ila kidogo."

Nilikwenda nyumbani nikajaza mpaka juu.